Upande wa Kushoto wa Gauni

Fundi wa cherehani wa karibu na stesheni ya Voi huongea na pini mdomoni, na bado kila neno linasikika. Mwanamke aliyekatwa titi akija, hampimi kifua, humuuliza kwanza, "Mama, unalima?" Titi la bandia analoshona kwa sufi, husema, ni la kukaa kanisani, maana ukiinama linapanda mpaka shingoni. La mtama lina uzito, halihami. Mumbe, muuza vitunguu aliyekatwa titi la kushoto, alimwambia kuwa daktari wa Nairobi anaweza kumtengenezea jingine kwa nyama ya mgongoni. Fundi hakuitetea biashara yake. "Hicho ni kiraka cha nguo ileile, kitashika. Lakini utauguza vidonda viwili." Akaendelea kujaza mtama kwenye kifuko, akiupima uzito kiganjani.

"Na nikikaa hivi hivi?"

Mkono wa fundi ukasimama. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wake. "Miaka kumi na mmoja, hakuna aliyeniuliza hilo." Akamwaga mtama, wote, ukarudi koponi. Kisha akavua tepu shingoni na kungoja, mpaka Mumbe akaiachia leso aliyoibana kifuani tangu aingie, akapimwa gauni jinsi alivyo.