Kopo la Unga wa Wafungwa

Harufu ya mahindi yaliyotoka kusagwa, unga ukiwa bado na joto la mashine, hunirudisha Panda, mtaa wa utoto wangu, hata niwe wapi. Tuliuchanganya na unga wa muhogo kupata bukari, ugali wetu wa Katanga, na mvua ya Januari ikipiga bati, mimi na mama tulikaa jikoni tukisubiri maji yachemke kwenye jiko la makaa. Kando ya jiko kulikuwa na kopo la maziwa lililoshika kutu mdomoni. Kabla ya kumimina unga sufuriani, mama alichota konzi moja, mkono umejaa, akaitia koponi. Kila nyumba ya shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaani, ilikuwa na kopo lake. Jumamosi Mama Veronika, kiongozi wa wamama, alipita mlango kwa mlango na ndoo akikusanya. Jumapili baada ya misa walisonga bukari katika sufuria kubwa, wakawapelekea wafungwa.

Nilikuwa na miaka tisa, na msimu ule niliwachukia wafungwa kwa moyo wangu wote. Kazi ya baba kiwandani ilikuwa imesimama, nasi tulikula mara moja kwa siku. Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa, alikuwa ameacha shule akaenda Kambove kuchimba mawe ya shaba. Ijumaa alirudi mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope, nami nilimwosha miguu kwa sababu alikuwa na biskuti mfukoni. Siku moja, tumbo likinguruma, nilimuuliza mama wale wezi wanatuhusu nini. Alijibu bila kugeuka: “Ule mwenye iko mule, iko mutoto ya mama moja. Ile unga haiko yetu, Odi.” Kwangu ulikuwa wetu kabisa, maana ni mimi niliyetumwa kuusagisha.

Basi nikajifanya mtoto mwema. Niliomba niwe mimi wa kuchota. Mama alifurahi, akamsimulia hadi Mama Veronika kwamba binti yake ana moyo wa Kikristo. Moyo gani! Mkono wangu ulikuwa nusu ya wake, na kabla ya kuutoa ungani nilikunja vidole ili unga ubaki kidogo tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyumba nyingine nazo zilikuwa zikipunguza, kwa kuwa njaa ilikuwa ya wote. Wakati ule nilijiona mjanja peke yangu.

Ijumaa moja Yaya hakurudi. Jumamosi baba alizunguka kuuliza kila mahali, akarudi na viatu vilivyoloa na bila habari yoyote. Jumapili mama alikwenda gerezani na wenzake, kwa sababu zamu ya kugawa ilikuwa yake, na nadhani kwa sababu kukaa nyumbani kungemtia wazimu. Wafungwa walipanga mstari. Alikata bukari akitazama sahani tu, si nyuso, kwani ndivyo wamama walivyofundishana ili mtu asione aibu kulishwa. Bukari ikaisha watu wakiwa bado wamesimama. Sahani iliyofuata ilishikwa na mkono wenye kovu kubwa chini ya kidole gumba, kovu ambalo mama mwenyewe alilifunga kitambaa lilipokuwa jeraha. Akainua macho. Alikuwa Yaya, aliyekamatwa Kambove na gunia la mawe mahali ambapo hakuruhusiwa kuchimba. Mama akakwangua ukoko wa sufuria, akamgawia yeye na wawili waliokuwa nyuma yake.

Jioni alitusimulia hayo kwa sauti ya kawaida, akichambua mchicha. Nililia mpaka baba akanibembeleza akidhani namlilia kaka. Nilimlilia kweli, lakini zaidi nililia kwa sababu ya vidole vyangu. Kesho yake nilizamisha mikono yote miwili ungani, nikaitoa imejaa. Mama akanishika, akarudisha unga wa mkono mmoja. “Moja, sawa siku yote,” akasema. “Yaya yako asikule kupita benzake.” Kisha akaongeza polepole: “Lakini uijaze.” Hapo nikajua kwamba alijua, na hajalitaja tena mpaka leo.

Yaya alitoka baada ya wiki sita. Siku hizi ana duka la koleo na buti kule Kambove, amenenepa, na ukoko hagusi hata umbembeleze. Sijawahi kumweleza habari ya vidole vyangu.

Redioni nasikia watu wakibishana kama Ukristo umeijenga nchi yetu au umeiharibu. Mimi siwezi mabishano ya namna hiyo; najua kopo tu. Makanisa yameongezeka mtaani kwangu na spika zao zina nguvu, nami siwasemi vibaya, maana nikifua nacheza nyimbo zao. Lakini Mama Veronika alifariki, na hakuna aliyeishika ile ndoo. Mwaka huu nimefika umri aliokuwa nao mama msimu ule, nikaweka kopo jikoni kwangu. Jumamosi likiwa limejaa, nilijikuta, mtu mzima, nikitega sikio mlangoni. Hakuna aliyebisha. Nikachukua ndoo, nikaenda kwa jirani, mwanamke wa kanisa la uamsho ambaye kwa miaka mitatu nimemjua kwa sauti ya maombi yake tu. Nikamwomba konzi moja ya unga ya kupeleka gerezani.

“Ule muntu iko ndugu yako?” akaniuliza.

Nikamwambia simjui hata jina. Akamwita binti yake mdogo akachote. Mtoto akaja na ngumi yake imefumbwa. Nikamsogezea ndoo, nikamshukuru kabla hajaifumbua.