Begi Lisilovuliwa

Saa moja na nusu asubuhi, mlangoni pa darasa la kwanza, mama mmoja anamwambia bintiye kwamba anakwenda kumnunulia biskuti na anarudi sasa hivi. Kisha ananyata na kupotelea nyuma ya ukuta. Mhudumu wa darasa, kitambaa begani, anasonya.

"Biskuti gani inayonunuliwa mpaka saa sita mchana?"

Wazazi humwita Mama Kamasi, kwa kuwa miaka kumi na tisa sasa anafuta pua za watoto wa watu. Ana miaka hamsini na miwili na hana cheti cha ualimu, jambo analokumbushwa kila anapofungua mdomo. Darasani mna watoto hamsini na wanne na mwalimu mmoja.

Binti wa biskuti amekaa karibu na dirisha, begi jekundu mgongoni. Hii ni wiki ya tano halivui. Anakula nalo, anakwenda nalo chooni. Katika jaribio la kwanza hakuandika hata herufi moja, na mwalimu akamwita mzito. Asipofanya vizuri katika jaribio la Ijumaa, atarudishwa chekechea.

"Mzito wapi?" Mama Kamasi anafoka. "Kaambiwa mama anarudi sasa hivi. Wewe ungevua begi? Macho yako mlangoni, hiyo a-e-i-o-u itapita wapi?"

Amewaambia wazazi wawaage watoto hadi mate yamemkauka. Wanamjibu kuwa mtoto akiagwa atalia. Mwalimu mkuu naye alimwambia ashike ufagio wake. Sikio la kufa halisikii dawa, anasema Mama Kamasi, na anayeumia hapa si mwenye sikio.

Leo, Jumatano, uvumilivu umemwishia. Anamkimbilia yule mama hadi kwenye kona ya ukuta.

"Mwanangu, rudi umuage."

"Nitachelewa kazini, mama. Na akiniona naondoka atapiga kelele."

"Apige. Masikio ni yangu. Mwambie unakwenda kazini, utamfuata kengele ya saa sita ikilia. Na uje kweli."

Mama anarudi amenuna, anachuchumaa mbele ya bintiye, anasema hayo. Kinaanza kilio cha kung'oa bati. Mwalimu anageuka, chaki mkononi, uso umemkunjamana. Mama anaondoka akijifuta macho.

Kilio kinachukua dakika kumi na moja.

"Kengele ni ile ya chuma?" binti anauliza kwa kwikwi.

"Ndiyo hiyo hiyo."

Anavua begi. Analitundika kwenye msumari, kando ya mengine, na kuomba penseli.

Mama Kamasi hajui kama siku mbili zitafidia wiki tano. Anachojua ni kwamba Jumamosi kuna mkutano wa wazazi, ambako kazi yake huwa kupanga viti. Safari hii anataka dakika tano za kuzungumza. "Wakininyima, viti wapange wenyewe," anasema.

Tangu saa sita kasorobo, anayetazama lango ni yeye. Kengele inalia. Watoto wanamiminika nje, na langoni hakuna mtu. Anaanza kusonya, ndipo yule mama anapoingia akihema, viatu mkononi.

"Na kesho hivyo hivyo," Mama Kamasi anamwambia, kisha anaita darasani kwamba mama amefika.

Binti anainua macho, anamwona, anayarudisha kwenye daftari. Anamalizia mstari wake kwanza.