Kikohozi Ndani ya Nta ya Kahawia

Miaka ile ya hamsini watu wa Kisangani walikuwa wananunua fono mpya, mashine za kupigia muziki, za sahani nyeusi. Mimi, karani wa bandari, nilikusanya zile walizotupa, hasa za kale kabisa, ambazo hazichezi sahani bali mkebe wa nta uliochorwa sauti, mdogo kama gilasi ya chai. Mke wangu hakupenda zile pembe zao za kutolea sauti. Alisema zimefungua kinywa mchana kutwa.

Jumamosi moja asubuhi alifika mjane mmoja kutoka Yanonge, sanduku la mbao kichwani. Mumewe alikuwa amezikwa mwezi uliopita, hajafika miaka hamsini.

"Papa, wananiambia unajua miaka ya hivi vitu," akasema. "Angalia, hii iko ya lini?"

Nikafungua sanduku; ndani mlikuwa na fono ya kale. Kibati cha chini kilikuwa na miaka ya uvumbuzi iliyochongwa, na mwaka wa mwisho ulikuwa wa karne iliyopita. Gurudumu la meno lilikuwa moja tu, la kucheza dakika mbili. Mashine za baadaye zilikuwa na la pili, la dakika nne. Nta nayo ilikuwa ya kahawia, laini, ile ambayo mtu aliweza kurekodia sauti yake mwenyewe nyumbani, kabla ya kuja ile nyeusi ngumu.

Nikakaza resori, ile springi inayoizungusha, nikashusha sindano. Ikakwaruza kama mvua juu ya mabati. Halafu mwanaume akakohoa mara mbili, akasema taratibu: "Kuja karibu. Unasikia? Kuja karibu."

Mjane akasogeza kiti chake.

"Iko yeye," akasema. "Iko bwana yangu."

Nikamweleza kwamba nta ile ilichorwa kabla mumewe hajazaliwa. "Labda ni baba yake, mama."

"Baba yake alikufa yeye akiwa tumboni. Hakumusikia hata siku moja. Alors, basi, kukohoa vile alijifunzia wapi?"

Akaniomba niweke tena. Nikamwonya kwamba sindano inaila nta ya namna hiyo, na kila mara sauti inapungua.

"Weka tu."

Mara ya nne maneno yalikuwa yamebaki pumzi tu. Mara ya saba sikusikia kitu isipokuwa mkwaruzo. Yeye aliendelea kutikisa kichwa, akiitika "ndiyo" mahali pale pale maneno yalipokuwa.

Nilikuwa nimetamani kuinunua, lakini sikuthubutu kuuliza. Nilimsindikiza hadi kwenye pirogi, mtumbwi uliomleta.

"Amesema niende karibu," aliniambia akiwa amekwisha kukaa. "Hakusema wapi."

Nilimsihi abaki kwanza mjini kwa ndugu zake. Akakataa kwa upole.

Kwa miezi kadhaa niliogopa habari za kutoka Yanonge, kwamba amemfuata mumewe. Hatimaye mvuvi wa huko aliniambia mama yule yuko mzima, anauza samaki wa moshi, na kila alasiri anakaa mbele ya ile fono na kuitika. Tatizo, alisema, ni majirani: wameanza kuhama. Wanasema wanasikia mtu anakohoa.