Chini ya Sentimita Themanini na Sita

Nilikuwa na miaka sita, meno mawili ya mbele yameshang'oka, lakini aliyeniona kwa nyuma alidhani nimeanza kutembea juzi. Nilizaliwa na maradhi ya kutokua. Kijijini Kilema, kwa bibi aliyenilea, watoto wa majirani waliniita kinda. Bibi akiwasikia aliwafukuza kwa fimbo hadi mwisho wa kihamba, shamba letu la nyumbani, huku majani ya migomba yakimpiga usoni.

Shangazi yangu alikuwa na duka la nguo za watoto Moshi mjini. Siku moja alipanda kwetu amevimba kwa hasira. Mzigo wake wa magauni kutoka nje ulikuwa umezuiliwa mpakani. Wakala wake wa forodha aliandika kwamba ni nguo za watoto wachanga. Afisa akakataa, akasema ni za wasichana waliokwisha kukua, fungu lingine kabisa la ushuru, na kwamba shangazi amedanganya.

"Sheria yao haiangalii umri, Mama," alimwambia bibi. "Inaangalia urefu. Mtoto mchanga kwao ni yule asiyezidi sentimita themanini na sita."

Kisha akanitazama. Akatoa tepu ya fundi cherehani mkobani, akanisimamisha kwenye mlango wa jiko, akanipima kutoka kisigino hadi utosini.

"Kumbe Mungu hakukuumba bure," akasema.

Bibi aliacha kumenya ndizi za mtori wa nyama. "Mtoto huyu si bidhaa."

"Na nyama ya huo mtori huwa inatoka wapi, Mama? Nani huinunua?"

Bibi akarudi kwenye ndizi zake.

Njiani niliagizwa nisifungue mdomo, mapengo yasionekane. Mpakani shangazi alinipandisha juu ya meza, mbele ya madereva na mawakala, akanivua sweta, akaanza kunivisha magauni moja baada ya jingine juu ya fulana yangu. Yalinikaa kama niliyoshonewa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuvaa gauni jipya, na kwa dakika chache nilifurahi.

Afisa akaniinamia. "Una miaka mingapi, mama?"

Nilijivunia miaka yangu. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho sawa na wenzangu. "Sita," nikasema.

Kucha za shangazi zikaniingia mgongoni. Afisa aliangua kicheko, akaita wenzake. "Njooni mumwone mtoto mchanga mwenye mapengo!" Wakaja. Mmoja akaninyanyua kama anapima uzito wa kuku, wengine wakapiga makofi. Walipochoka kucheka, afisa alinipima mwenyewe, akapima na gauni, akakuna kichwa. Urefu ni urefu, akasema. Nguo zikapita.

Baada ya hapo shangazi hakunirudisha. Nilikaa kwake Soweto, palepale Moshi mjini, nikingoja kila mzigo utakaotiliwa shaka. Binamu zangu walikunywa maziwa asubuhi na jioni. Mimi nilipewa uji mwepesi wa maji. Nikiomba maziwa, shangazi alijibu bila hata kukunja uso: "Ukinenepa si neno. Ukirefuka umenimaliza." Kila Jumapili tukitoka kanisani alinisimamisha ukutani na tepu yake.

Pamoja na uji ule, nilikua. Jumapili moja tepu ilipita themanini na sita. Alinipima tena, akanikandamiza kichwa, akapapasa miguu yangu anivue viatu ambavyo sikuwa nimevaa. Kisha akanizaba kofi.

"Umeniharibia," akasema.

Nililia, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Siku ileile alinirudisha Kilema, akaniacha barabarani, hakushuka hata kumwamkia mama yake. Bibi alinipokea, akanitazama mikono iliyokonda. Aliniwekea maziwa kikombe kikubwa. Niliyatapika yote, tumbo lilikuwa limeyasahau.

Sikuwahi kuwa mrefu. Nikisimama na wanawake wenzangu nawafikia kifuani. Mwaka jana, kwenye sherehe ya kumuaga binamu yangu aliyekuwa akiolewa, shangazi alisimulia habari ya meza ya mpakani, akaigiza afisa, akaigiza na mapengo yangu. Ukumbi mzima ulicheka. Bibi harusi akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," nikasema. Nikaeleza na habari ya maziwa.

Shangazi alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. "Huyu naye! Kwani alikufa?"

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu zaidi.