Nimemaliza ruracio ya dadangu kabla ianze

Wueh! Leo nimeozesha dadangu kwa kidole kimoja. Chekeni tu.

Ruracio ya dadangu Shiru, ile sherehe ya mahari, nimeipanga kwa ile programu ya kazini: kazi kubwa juu, ndogo ndogo chini.

Saa hii nikitaka kufunga "Hema" kuonyesha iko tayari, nikafunga kazi kubwa ya juu, ruracio yenyewe.

Simu ikauliza, "Zilizobaki chini zifungwe pia?"

Nikabonyeza ndiyo!

Familia yote ikapata ujumbe. Mjomba ako Kiganjo na mbuzi kwa gari, anasoma "Mbuzi: tayari". Akageuza, akarudi nayo Naro Moru!

Shiru naye akapiga. Hata "Shiru aulizwe kama amekubali" ilikuwa imefungwa.

"Ati nimekubali na hakuna mtu ameniuliza?"

"Pole, nafungua zote upya."

Akacheka. "Fungua ya mbuzi. Hiyo yangu wachana nayo."