Siku Madiwani Walipotuuliza Habari ya Stendi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku halmashauri ilipotaka ushauri wetu sisi madereva wa teksi wa Lushoto. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, kila mtu ni ndugu, hata yule usiyependa kumwona. Madiwani walitaka kuitoa stendi yetu sokoni waipeleke bondeni, ng'ambo ya daraja, maana akina mama wenye matenga ya kabichi hawakuwa na pa kupita kwa wingi wa magari. Lakini hawakutaka kutuhamisha kibabe. Walimtuma karani aje atuambie tushauriane kwanza, kisha tuwapelekee msemaji mmoja.

Mmoja! Nikajua ni mimi. Nilikuwa nimesoma misheni mpaka darasa la nane, Kiswahili changu kimenyooka, na teksi yangu, Pijo, iling'aa kuliko zote pale stendi. Chanda chema huvikwa pete, nami nilijiona chanda chema. Wenzangu wakamchagua Hoza.

Hoza alikuwa rika langu, mtu wa kijiji cha Bungu, mpole, anaongea kama anayeomba chumvi kwa jirani. Abiria walimpenda mno. Bibi vizee walimngoja yeye hata kama zamu ilikuwa yangu, na hilo peke yake lilitosha kuninyima usingizi. Sasa na usemaji pia apewe yeye? Wivu ulinikaba, mwanangu. Sitasingizia uchovu wala njaa, ulikuwa wivu mtupu.

Desturi yetu ilikuwa kwamba msemaji haendi na maneno yake mwenyewe. Kabla hajaondoka, madereva hulizunguka gari la kwanza kwenye foleni, kila mmoja anatoa neno lake, naye anayabeba yote. Siku ile mmoja akasema bondeni ni mbali na abiria. Mwingine akasema tupange magari mstari mmoja badala ya miwili, akina mama wapate njia. Ikafika zamu yangu.

"Na wewe, ndugu yangu, una neno gani?" Hoza akaniuliza.

"Msemaji si wewe? Mimi sina neno."

Nilikuwa nalo. Nyumba ya baba yangu ilikuwa huko huko bondeni, na nilijua kwamba masika yakikolea mto hufurika na maji kutuama pale pale walipotaka kutuweka. Niliwahi kuona ng'ombe akivutwa kwa kamba kutoka kwenye tope lile. Wenzangu walitoka vijiji vya mbali, hawakulijua jambo hilo. Nikalimeza, ili Hoza aende mikono mitupu arudi na aibu yake. Hata kama Pijo yangu nayo ingezama! Ndivyo wivu ulivyo, unakubali kulala njaa mradi jirani naye asile.

Siku ya kikao tulijazana nyuma ya ukumbi. Hoza akayasema yetu yote, na kila neno akamtaja mwenyewe aliyelitoa. Mimi nilikuwa nangoja akwame tu. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndugu, nimewaelewa. Lakini sokoni pamejaa, na bondeni kuna nafasi. Pale bondeni penyewe pana ubaya gani?"

Hilo hakuna aliyekuwa amempa Hoza neno lake. Roho yangu ikashangilia. Ndipo akageuka, akanitazama.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi pale sipajui. Mwenzetu yule kazaliwa pale. Naomba mumsikilize yeye."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Ningefanya nini? Nikasimama, nikaeleza mto unavyofurika na maji yanafika wapi. Madiwani wakanong'onezana, wengine wakaitikia kwa vichwa. Wakaamua stendi ibaki sokoni, ila magari yapangwe mstari mmoja.

Tulipotoka nje wenzangu wakambeba Hoza juu juu. Hoza! Aliyeokoa stendi ni mimi, anayebebwa ni yeye! Nikaenda kumlalamikia Mzee Shekalaghe, dereva mkongwe kuliko sote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umevimba?"

Nikamweleza. Akafuta grisi mikononi, bila haraka.

"Habari hii ya mto umeijua leo?"

"Hapana, mzee. Tangu utotoni."

"Basi juzi, Hoza alipokuuliza, ilikuwa wapi?"

Mzee akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi.

"Anajua kwenu ni bondeni, na alijua una neno umemnyima. Angetaka, angewaambia madiwani hivyo mbele ya watu wote. Yeye akakupa heshima. Wewe unamwonea kijicho kwa kubebwa!"

Sitakudanganya kwamba wivu uliisha pale. Miaka ilipopita Hoza akachaguliwa diwani, na roho ilinichoma tena. Lakini safari hiyo nilikwenda nyumbani kwake, nikamweleza kila nilichokijua kuhusu barabara ya Kwai, iliyokuwa inakwenda kujadiliwa na madiwani, kabla hajaniuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, wakubwa wakiwataka ushauri, usiseme sina neno kwa sababu tu msemaji humpendi. Akishindwa yeye, mmeshindwa nyote. Mficha uchi hazai, na mficha neno huwaponza wenzake. Toa ulilo nalo, hata kama sifa zitakwenda kwa mwingine. Wivu utakuja, mimi bado hunijia na mvi hizi. Basi ukukute umeshasema.

Mungu akujalie wenzako watakaokutaja kwa wema, hata siku ambayo hukustahili. Amina.