Programu Isiyosikia Mnong'ono

"Nirudishie elfu ishirini yangu!"

"Baba, programu ni nzima. Wewe ndiye usiyeimba."

Nilikuwa nimeingia duka la simu hapa Kasulu kununua chaja, nikamkuta muuzaji akibishana na mkulima wa Nyakitonto aliyepakata inanga, ile ala yetu ya ubao na nyuzi. Mkulima alikuwa amelipia programu ya kufundisha muziki ili mwanawe aliyeko Dar ajifunze inanga. Aliambiwa inasikiliza ala yoyote na sauti yoyote, kisha inakusahihisha.

"Haya, imba tuone," muuzaji akasema.

Mkulima akagusa nyuzi, akaanza kunong'ona, maana inanga hii huimbwa kwa mnong'ono, na nyuzi ndizo zinazoubebea sauti. Duka zima tukasogea karibu tusikie. Simu ikaandika: "Hatujasikia sauti. Jaribu tena."

"Si unaona? Paza sauti, baba!"

"Nikipaza, hiyo itakuwa inanga au mnada wa mbuzi?"

Hapo bodaboda mmoja akapiga honi mlangoni. Simu ikawaka kijani: "Hongera! Umepatia."

Tulicheka. Muuzaji akasugua kioo cha simu kwa kidole gumba, kana kwamba kosa ni la vumbi. "Itajifunza taratibu," akasema.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Kumbe anayejifunza ni simu! Basi mwalimu ni huyu baba, na tangu lini mwalimu akamlipia mwanafunzi ada?

Kijana, mrudishie elfu ishirini yake. Yote, na leo.